Kabla ya Kuuliza Mgahawa, Uliza Mwezi

Wasafiri wengi hutafuta chakula kwa majina. Wanabeba jina la mji, jina la mgahawa na jina la pishi lililosifiwa na mtu fulani, wanafika, wanaagiza, wanapiga picha, na wakirudi nyumbani hawawezi kueleza sahani ile ilitofautiana wapi na ya kwao. Lawama humwangukia mpishi. Mara nyingi mpishi hana kosa: ameombwa kitu ambacho siku hiyo hakikuwapo, akatoa alichokuwa nacho kwenye friza. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba chakula cha mahali hukaa kwenye kumbukumbu kinapoliwa katika siku zake, karibu na kazi iliyokileta. Anayetaka kula vizuri safarini aanze na kalenda. Aulize kwanza watu wa kule wanashughulika na nini mwezi huo, ndipo aulize wanakula wapi. Mfano wangu ni Nkombo, kisiwa cha Rwanda katika Ziwa Kivu, kwa sababu pale hakuna orodha ndefu ya vyakula ya kumchanganya mtu, na sehemu kubwa ya kinachofika mezani inategemea ziwa limeamkaje.

Nkombo iko kusini kabisa mwa ziwa hilo, wilayani Rusizi, mwendo mfupi wa boti kutoka Kamembe, mji ambao wengi bado wanaujua kwa jina la Cyangugu. Ng'ambo ni Bukavu, na katikati ya miji hiyo miwili Mto Ruzizi unatoka ziwani kwenda Ziwa Tanganyika. Kisiwa ni cha vilima, watu ni wengi kuliko ardhi, na mashamba ya muhogo, maharage na migomba yamepanda hadi kwenye miteremko. Kinachopungua shambani hutafutwa ziwani. Nyumbani wenyeji huzungumza lugha iliyo jirani na Kimashi na Kihavu, ndugu wa upande wa Kongo, hata Mnyarwanda anayetoka Kigali anaweza kukaa katikati ya maongezi yao asiambulie kitu. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili lina nafuu yake. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini sokoni Kamembe hakikusubiri sheria. Biashara na Bukavu ilikuwa imekwisha kukileta zamani. Ukishuka basi pale unaweza kuuliza na ukajibiwa, na ushauri wote unaofuata hapa unasimama juu ya kuuliza.

Samaki wa kuulizia ni sambaza. Ni samaki mdogo wa rangi ya fedha, urefu wa kidole au pungufu, anayetembea kwa makundi kwenye maji ya wazi. Msomaji wa Kigoma anamjua kwa jina la lumbu, na aliyeishi Zambia au Zimbabwe amemla kama kapenta. Ni spishi ile ile, na kwao wote chanzo ni Tanganyika. Kivu haikuwa naye. Ziwa hili lina kina cha karibu meta 485, lakini oksijeni huishia kama meta 60 au 70 hivi chini ya uso wa maji. Huko chini kumejaa gesi ya kaboni dioksidi na methani. Samaki wa asili wa Kivu walikaa zaidi kandokando, na katikati ya ziwa vijidudu vya majini vilielea bila samaki wa kuvila. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vifaranga vya sambaza vililetwa kutoka Tanganyika na kumwagwa Kivu. Wakaenea ziwa zima. Uvuvi mzima wa usiku unaoonekana leo, pamoja na pishi linalotajwa kuwa ndilo chakula cha Kivu, una umri unaopungua miaka 70.

Nalitaja hili mapema kwa sababu linaondoa kizingiti kimoja. Wapo wasafiri wanaosaka chakula cha asili, wakimaanisha kilicholiwa na mababu wa mababu, na wakisikia samaki huyu aliletwa na serikali ya kikoloni wanakunja uso. Wakifuata kipimo hicho itabidi waache na ugali wa muhogo, maana muhogo ulitoka Amerika, na maharage yafuate nyuma. Umri wa pishi haupimi kitu. Kinachopima ni kama watu wa mahali wamelijengea maisha: wanajua siku zake, wana vyombo vyake, wana ugomvi juu ya namna sahihi ya kulikaanga. Kwa sambaza na watu wa Nkombo, hayo yote yapo.

Kalenda yenyewe ina ngazi mbili, na ya kwanza ni mwezi wa angani. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, ikaachiana nafasi, wavu ukashushwa katikati. Zamani walichukua karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Mwanga huvuta vijidudu, vijidudu huvuta samaki, na wakishajaa juu ya wavu wanaume huuvuta kwa pamoja. Kazi hurudiwa mara kadhaa hadi karibu na alfajiri. Wakienda na wakirudi huimba na kupiga miluzi ili makasia yaende sawa. Taa hiyo ina nguvu pale tu ambapo giza lipo. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linang'aa, samaki hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa moja, mavuno hushuka sana na wavuvi wengi hukaa nyumbani. Mvuvi wa dagaa wa Mwanza, Kigoma au Mafia hahitaji kuelezwa hili. Giza na mbalamwezi ndizo zinazompangia siku za kazi. Ajabu ni kwamba msafiri anayepanga safari ya kula samaki hao hao huangalia bei ya tiketi, huangalia mvua, na hatazami mwezi utakuwa wapi. Akifika siku tatu baada ya mwezi mpevu atauziwa sambaza waliokaa kwenye barafu, au waliokauka, na atasema si kitu.

Ngazi ya pili ni ya mwaka. Kila mwaka Rwanda hufunga uvuvi Ziwa Kivu kwa takriban miezi 2, kwa kawaida ndani ya kipindi cha Agosti hadi Oktoba, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana na kukua. Tarehe hutangazwa na zinaweza kusogea, kwa hiyo usizichukue za mwaka jana. Si Rwanda peke yake inayofanya hivi: Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Tukumbuke pia kinachotokea ziwani kabla ya kufungwa. Kiangazi cha kuanzia Juni huleta upepo unaokoroga maji ya juu ya Kivu, virutubisho vikapanda kutoka chini, vijimea vya majini vikastawi, na mlolongo mzima wa chakula cha sambaza ukaanzia hapo. Wavuvi hawatumii maneno hayo, ila wanajua kiangazi na masika ni maziwa mawili tofauti. Anayekuja Septemba akiulizia sambaza wabichi anaulizia samaki ambao sheria imewakataza wavuvi kuwagusa, na akiwapata ajiulize wametoka wapi. Kuwakataa ndiyo adabu. Mgeni anayelipa bei ya juu kwa samaki wa wizi ndiye anayempa mvuvi sababu ya kutoka usiku kwa kujificha.

Tuseme umefika wakati wake. Sambaza wazuri hutambulika kabla ya kuingia kwenye mafuta, na inafaa kuomba kuwaona. Tazama tumbo. Samaki wadogo wa jamii hii wana mafuta mengi na huanza kujimeng'enya wenyewe kwa haraka. Wakikaa bila barafu, matumbo hupasuka na utumbo hutokeza. Sambaza wa usiku wa jana wana tumbo zima, jicho angavu, magamba yanayometa, na ukimshika mmoja kichwani mwili haulegei kama uzi. Hawapasuliwi wala hawakatwi vichwa. Huoshwa, hutiwa chumvi, huachwa wachuje maji, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta mengi yaliyochemka hasa, kidogo kidogo, maana wakijazwa kwa pupa mafuta hupoa na samaki hugeuka uji. Wakitoka wawe wakavu, wa kukatika kwa sauti, na ndani bado kuwe na unyevu kidogo kwenye mgongo. Huliwa wazima, mifupa na kichwa, kwa limau, kitunguu kibichi na pilipili. Pilipili ya Rwanda si ya mzaha. Ile ya kichupa chenye kidondoshio inatosha tone moja. Pembeni agiza ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa kikapikwa muda mrefu. Ugali huo ni mlaini na unavutika, na wanaouponda ni wale wanaoula na nyama choma. Kwa sombe na sambaza ndipo unapata kazi yake: chumvi na ukavu wa samaki, mafuta ya mboga, na kitu cha kuvishika pamoja bila kelele.

Hapo inakuja namna ya kukipata chakula chenyewe, na hapa ndipo wasafiri wa pwani hukosea zaidi. Aliyezoea Forodhani Unguja au vibanda vya Mombasa hutafuta chakula kwa pua: anatembea jioni, anafuata moshi, anakula akiwa amesimama. Akifanya hivyo Rusizi atarudi kulala na njaa, huku akiamini wenyeji hawana vyakula. Nchini Rwanda mtu mzima kula njiani huonekana kukosa heshima, na halmashauri za miji hazipendi biashara za kando ya barabara. Chakula kipo, lakini kiko ndani, na kina saa zake. Mchana, tangu saa sita hadi kama saa nane, ni saa ya melanji: unalipa mara moja na kujipakulia wali, ndizi, viazi, maharage, dodo (yaani mchicha) na sombe, na kipande cha nyama au samaki kinahesabiwa na mhudumu. Ni chakula cha kazi, kinashibisha, na ni mahali pazuri pa kuona mboga za msimu. Sambaza wa kukaangwa huja baadaye, jioni, kwenye baa na migahawa ya kando ya ziwa, na huagizwa. Kungoja nusu saa au zaidi ni kawaida. Ukiletewa baada ya dakika 5 ujue walikaangwa mchana. Muislamu aulize jambo la ziada: nyama ya nguruwe inapendwa sana katika baa za huko, na karai la mafuta halichagui. Swali la kuuliza ni mafuta hayo yamekaangiwa nini, na hakuna atakayechukia kuulizwa. Kamembe kuna Waislamu na kuna wanaowapikia.

Kisiwani kwenyewe usitarajie safu ya migahawa. Nkombo ni mahali ambapo watu wanaishi, si kituo cha kitalii, na chakula bora pale kiko majikoni mwa watu. Njia ya heshima ya kukifikia ni kupanga siku moja kabla, kupitia mwenyeji, mwongozaji au ofisi ya kata, kutaja mko wangapi, na kutoa fedha ya ununuzi mapema ili anayepika asikope. Ukifika na kumkuta mama wa nyumba hajajiandaa, ataona aibu na atakupa cha watoto. Anayesema kwamba ukarimu wa Kiafrika hauhitaji miadi hajawahi kuwa yeye anayepika.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya hoja yangu ni la haki kabisa: msafiri hajipangii likizo. Mwalimu ana Agosti na Desemba, mfanyakazi wa ofisini anapewa wiki iliyobaki, familia inafuata shule. Kumwambia afuate mwezi wa angani ni kumdhihaki. Ninalikubali pingamizi hilo nusu. Kama huwezi kuchagua tarehe, bado unaweza kuchagua kitu cha kufuata, na hiyo ndiyo maana ya kuuliza mwezi kabla ya mgahawa. Kila sehemu ya mwaka huko Rusizi ina kazi yake, na kosa ni kudai kazi ya Juni mwezi wa Septemba.

Chukua kahawa. Mti wa kwanza wa kahawa Rwanda ulipandwa kwenye misheni ya Mibirizi, hapo hapo wilayani Rusizi, mwanzoni mwa karne iliyopita, na jina la misheni hiyo likabaki kuwa jina la aina ya kahawa. Mavuno katika vilima vya Kivu huanza kama Machi na huendelea hadi Juni au Julai. Mtu akipita miezi hiyo, matembezi ya maana kuliko yote ni kwenda kwenye kituo cha kuoshea kahawa alasiri, wakulima wanapofika na mabunda yao. Tunda jekundu huchambuliwa kwa mkono, bichi na lililooza hutupwa kando, lililobaki hupimwa na kumenywa siku hiyo hiyo kwa sababu likilala huchacha. Asubuhi yake utakuta meza ndefu za wavu zimefunikwa punje zenye rangi ya krimu, na wanawake wamesimama wakichagua zenye kasoro. Kikombe cha kahawa baada ya kuona hayo kina maelezo yake. Novemba meza hizo ni tupu, na anayekupeleka kuzitazama anakupotezea muda.

Aprili inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Tarehe 7 Aprili huanza kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na wiki ile hadi tarehe 13 ni ya maombolezo ya taifa. Muziki na sherehe husimama. Si wakati wa kutafuta jioni za furaha, na mvua za masika ziko katikati. Ambaye likizo yake imeangukia hapo aende kwa moyo unaolingana na siku hizo, au asogeze. Kwa upande wa furaha, Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Umuganura, sikukuu ya mavuno, ambamo mtama na vyakula vya shamba hutangulia, na familia hukaa pamoja. Ni siku nzuri kuwa Rwanda hata kama ziwa linakaribia kufungwa. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni Umuganda, kazi ya jamii, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi; maduka hufungwa na usafiri husimama. Msafiri aliyepanga boti ya saa tatu siku hiyo atakaa kwenye gati akitazama maji.

Njia ya kwenda huko nayo imo kwenye hesabu. Basi kutoka Kigali hupita Huye, kisha huingia msitu wa Nyungwe, na safari nzima huchukua saa sita au zaidi. Nyungwe, yenye eneo la kilometa za mraba 1,019, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwezi Septemba 2023, na wengi huvuka kati yake wakiwa wamesinzia. Kiangazi ndio wakati wa kutembea kwa miguu humo, njia zikiwa kavu. Masika msitu hupendeza zaidi kwa macho, ila utateleza. Mbali na sokwe wa Nyungwe, kundi jingine liko Cyamudongo, kipande kidogo cha msitu ndani ya Rusizi ambacho kinasimamiwa pamoja na hifadhi. Haya si chakula, lakini mtu hula vizuri akiwa ametembea, na ndiyo sababu nayaweka katika hesabu moja.

Wapo watakaosema sambaza wanapatikana Kigali mwaka mzima, wamegandishwa au wamekaushwa, basi kwa nini kusafiri? Na wa Kigoma ataongeza kwamba huyo ni lumbu tu, amemla tangu utotoni. Kwa upande wa ladha, wana hoja. Mtu akikufumba macho akakupa sambaza na lumbu waliokaangwa vizuri, sidhani kama utashinda kila mara. Lakini ladha yenyewe si ya ulimi peke yake. Sahani inayoliwa jioni ile ile ambayo umeona mitumbwi mitatu mitatu ikitoka kuelekea gizani inabeba maelezo ambayo friza ya Kigali haiwezi kuuza. Wa Kigoma ndiye atakayefaidi kuliko wote, kwa kuwa ataona kinachofanana na kisichofanana: samaki mmoja, maziwa mawili, sheria mbili za kufunga, mapishi mawili. Mgeni asiyejua dagaa yoyote hana cha kulinganisha.

Pingamizi la mwisho ni zito zaidi kimaadili. Nkombo si kisiwa cha matajiri. Je, kwenda kutazama wavuvi na kula jikoni mwao si kugeuza shida ya watu kuwa maonyesho? Inaweza kuwa hivyo, na tofauti iko katika matendo madogo. Usipige picha ya mtu akiwa anavua nguo za kazi alfajiri. Usimpige picha mtoto kwa sababu tu amechakaa. Usinyoshe kamera kwa askari. Ziwa hili ni mpaka, na doria ni za kweli. Usimwombe mvuvi akupakie usiku kwa siri: kutoka naye kunahitaji ruhusa na koti la kuokolea, na akikamatwa ni yeye atakayepoteza chombo. Lipa nauli ile ile wanayolipa wenyeji pale ambapo bei ni ya wote, na lipa vizuri pale ambapo umechukua muda wa mtu. Nunua kilo ya sambaza waliokauka kutoka kwa mwanamke anayeuza, kwa kuwa faida ya samaki wabichi hugawanyika kwa wengi lakini aliyekausha amefanya kazi yake mwenyewe juani. Chukua kikapu chako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008 na mpakani huwa wanatazama. Pombe ya ndizi, ukipewa na mwenye nyumba, ni heshima. Kanyanga, yaani gongo ya huko, ni kosa la jinai, hata anayekupa akicheka.

Kuhusu usalama nitasema kifupi. Vuka kwenda kisiwani asubuhi, maana kwa kawaida ziwa huwa tulivu zaidi kabla ya upepo wa mchana, na usipande boti isiyo na makoti ya kuokolea. Kula kilichokaangwa mbele yako, acha kachumbari iliyooshwa kwa maji usiyoyajua. Ambaye alikuwa amepanga kuunganisha na Bukavu kwa ajili ya soko na muziki aulize kwanza hali ya mpaka: mji huo uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na mambo ya kuvuka hubadilika. Kamembe inatosha kwa safari moja.

Na maswali ya kuuliza ni machache. Muulize dereva wa pikipiki kama wavuvi wametoka wiki hii. Muulize muuza samaki kama ni wa leo, na utazame tumbo badala ya kusikiliza jibu. Muulize mhudumu wa mgahawa wao wenyewe walikula nini mchana, kisha agiza hicho. Maswali haya yanafaa mbali na Rusizi pia. Yanafaa Kisiwa Panza, Pemba, ambako wavuvi hufunga sehemu ya mwamba ili pweza wakue, kisha ikaja siku ya kufungua. Yanafaa Mwanza, Kisumu na popote ambapo mlo hutegemea giza la mwezi.

Ukiniuliza mimi tarehe, nitakwambia nenda wiki ya mwezi mwandamo, Juni au Julai. Giza lipo, ziwa halijafungwa, njia za Nyungwe ni kavu, na kahawa ya mwisho bado iko mezani. Ukishindwa na ukafika Septemba, agiza sombe na maharage, nenda msituni, na samaki waache hadi ziwa lifunguliwe.